Kwa Kipimo cha Mkono wa Nani?

Kabla ya futi na mita kuzoeleka, watu wa pwani walipima vitu kwa miili yao. Wanda ni upana wa kidole. Shibiri ni masafa baina ya ncha ya dole gumba na ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na pima ni mikono miwili iliyonyooshwa kushoto na kulia. Vipimo hivi vilikuwa na ila yao inayojulikana: dhiraa ya mfupi si dhiraa ya mrefu, na mnunuzi wa kitambaa alikuwa na sababu ya kuutazama mkono wa muuzaji kabla ya kuuliza bei. Lakini vilikuwa na uaminifu wao pia. Havikuficha kwamba nyuma ya kila kipimo pana mtu, na mtu huyo ana mkono wake, si wa mwenziwe.

Siku hizi vipimo vimetengana na mwili, na vitu tunavyovishika hutoka viwandani kwa maelfu na mamilioni, vyote sawasawa. Hata hivyo kila kimoja kimechongwa kwa kufuata mkono fulani uliokuwa katika fikra za mbunifu. Tofauti ni kwamba mwenye mkono huo hatajwi tena. Swali la makala haya ndilo hilo: chombo kinapotengenezwa kwa ajili ya watu wengi ambao mtengenezaji hatawaona kamwe, kichongwe kwa kipimo cha mkono wa nani? Na yule ambaye mkono wake haukupimwa ana haki gani ya kudai?

Kwa mfano nimechagua kidhibiti cha michezo ya video, kile ambacho vijana wetu hukiita pedi. Msomaji aliyezoea kukuta humu mijadala ya vina na mizani huenda akatabasamu, akasema hilo ni jambo la watoto. Namwomba asubiri kidogo. Kwanza, ni vyombo vichache vinavyoshikwa kwa nguvu na kwa saa nyingi kama hiki. Pili, chombo hiki kimeundwa kwa ajili ya starehe. Jembe likimchubua mkulima, tumezoea kusema kazi ni ngumu. Mchezo ukimchubua mtoto, hatuna cha kusingizia. Tatu, historia yake ni fupi, haijazidi sana nusu karne, na yote iko machoni petu. Tunaweza kuona jinsi fikra za mbunifu juu ya mkono wa mwanadamu zilivyobadilika hatua kwa hatua, na ni nini kilichozibadilisha.

Kutoka kijiti hadi mikono miwili

Mashine ya Atari iliyotoka Marekani mwaka 1977 ilikuja na kijiti kilichosimama juu ya kisanduku, na kitufe kimoja tu penye pembe ya kushoto. Mchezaji alishika kisanduku kwa mkono wa kushoto, gumba likiwa juu ya kitufe, na kwa mkono wa kulia akakipeleka kijiti huku na huku. Hapo palikuwa na hukumu iliyokwisha kutolewa bila ya kutangazwa: anayeongoza ni mkono wa kulia. Mwenye kutumia shoto alikuwa na njia mbili, ama ajifunze upya, ama akigeuze kisanduku na kukubali kwamba juu kumekuwa kando.

Mwaka 1982 Mjapani Gunpei Yokoi, mbunifu wa kampuni ya Nintendo, alikiondoa kijiti na mahali pake akaweka msalaba bapa wa kubonyeza kwa gumba. Mwaka uliofuata msalaba huo uliwekwa katika mashine ya Famicom, upande wa kushoto. Kwa hatua hiyo uongozi ulihama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, na vitufe vya kupigia na kurukia vikabaki kulia. Kizazi kizima kilijifunza kuongoza kwa gumba la kushoto, na leo ukimwambia mchezaji abadilishe ataona kama umemtaka aandike kwa mguu. Jambo ambalo mwaka 1977 lilionekana kuwa maumbile, miaka michache baadaye lilionekana kinyume cha maumbile. Tuliweke akilini, tutalirudia.

Kidhibiti cha Famicom kilikuwa kipande cha plastiki chenye pembe nne kali, mithili ya kiberiti kikubwa. Kilikuwa chepesi na imara, lakini hakikujali kwamba kiganja ni duara. Baada ya saa moja pembe zake zilijichora katika nyama ya mkono. Mashine iliyofuata, Super Famicom ya mwaka 1990, ilizilainisha pembe hizo na kuongeza vitufe viwili juu, penye mabega ya kidhibiti, ili vidole vya shahada navyo vipate kazi. Kisha mwezi Disemba 1994 Sony ikatoa PlayStation, na kidhibiti chake kikawa na vishikio viwili vilivyoteremka kama pembe za ng'ombe, vya kujaza viganja. Mbunifu wake, Teiyu Goto, amesimulia kwamba ndani ya kampuni walikuwapo wakubwa waliotaka kidhibiti kiwe bapa kama kile cha Nintendo, kwa kuwa wanunuzi wamekwisha kukizoea, na kwamba aliyesimama upande wa vishikio ni rais wa kampuni wakati huo, Norio Ohga.

Tazama hoja hizo mbili zilivyokabiliana. Upande mmoja unasema: watu wamezoea. Upande wa pili unasema: mkono una umbo lake. Mgogoro wote wa raha ya vyombo umo katika sentensi hizi mbili, na si wa vyombo vya mchezo peke yake.

Mgeni aliyekuja nyuma

Ukikiweka kidhibiti cha PlayStation kando ya kile cha Xbox, utaona tofauti moja inayozua mabishano yasiyokwisha. Vyote viwili vina vijiti viwili vidogo vya kusukumwa kwa magumba. Katika Xbox, kijiti cha kushoto kimewekwa juu, pale ambapo gumba hutua lenyewe ukikishika chombo bila kufikiri, na msalaba umewekwa chini. Katika PlayStation ni kinyume: msalaba ndio ulio juu, na vijiti viwili viko chini, sambamba, karibu na katikati, hata gumba sharti lijikunje kuvifikia.

Sababu ni ya kihistoria. PlayStation ya mwaka 1994 haikuwa na vijiti. Michezo yake mingi ya mwanzo iliongozwa kwa msalaba, na msalaba ukapewa mahali pa heshima. Vijiti viliongezwa mwaka 1997, baada ya michezo kuanza kuhitaji mwendo wa pande zote, na vikatafutiwa nafasi iliyosalia. Ni sawa na mgeni aliyeingia barazani wakati watu wamekwisha kukaa: hukaa panapopatikana, hata akiwa ni mtu mkubwa. Xbox ilipozaliwa mwaka 2001 ilijua tangu mwanzo kwamba kijiti ndicho kitakachofanya kazi kubwa, ikakipa nafasi ya mbele. GameCube ya Nintendo, iliyotoka mwaka huohuo, ilifanya vivyo hivyo, tena ikaongeza busara nyingine: kitufe kinachotumika zaidi kilifanywa kikubwa na kuwekwa katikati, na vile vingine vikakizunguka kila kimoja kwa umbo lake, hata gumba likaweza kuvisoma gizani bila msaada wa macho.

Je, basi PlayStation imekosea? Mamilioni ya wachezaji watakwambia hawaoni taabu yoyote. Magumba yao yamekulia pale, na wakipewa Xbox huhisi kama wamelazwa kitanda cha ugenini. Hapa ndipo lile swali la mazoea linaporudi kwa nguvu zake zote. Ikiwa mkono hujifunza kila unachofundishwa, basi raha ni nini isipokuwa mazoea yaliyosahau kwamba yalikuwa taabu? Na kama ni hivyo, mbunifu hadaiwi kitu. Atengeneze apendavyo, na mikono itamfuata.

Mizani ya mkono

Wapenzi wa ushairi wana jambo la kusema juu ya hili. Mizani minane ya utenzi si umbile la ulimi. Hakuna mtoto aliyezaliwa akihesabu silabi. Hata hivyo aliyelelewa katika utenzi huusikia ubeti uliopungua mizani moja kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Mazoea yamekuwa sikio. Lakini pia tunajua kwamba si kila hesabu ingeweza kuwa mizani. Mshororo wa silabi sitini usio na kituo haungezoeleka hata kwa karne, kwa sababu mtu anahitaji kuvuta pumzi. Pumzi ndiyo mipaka, na ndani ya mipaka hiyo mazoea hufanya kazi yake.

Mkono nao una pumzi yake. Una mifupa, mishipa na ngozi. Ndani ya mipaka ya mwili, mazoea yanaweza kuifanya PlayStation na Xbox kuwa sawa, na mabishano ya vijana juu ya kipi ni bora ni mabishano ya watu waliosoma madrasa mbili tofauti. Nje ya mipaka hiyo mazoea hayasaidii. Ushahidi tunao.

Mwaka 1996 Nintendo ilitoa mashine ya Nintendo 64. Kidhibiti chake kilikuwa na vishikio vitatu, ingawa mwanadamu ana mikono miwili, na katikati yake palikuwa na kijiti cha plastiki ngumu. Mwisho wa mwaka 1998 ulitoka huko Japani mchezo uitwao Mario Party, na mwanzoni mwa 1999 ukafika Marekani. Baadhi ya mashindano madogo yaliyomo yalimtaka mchezaji akizungushe kijiti kwa kasi kubwa kuliko wenzake. Watoto wakagundua kwamba gumba ni dhaifu, na kwamba njia ya kushinda ni kukisukuma kijiti kwa kitanga cha mkono. Walishinda, na wakatoka na malengelenge na michubuko. Wazazi walilalamika, na mwaka 2000 Nintendo ilikubaliana na ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la New York kuwapa glavu za kukinga mkono wenye mchezo huo walioziomba, hadi nne kwa nyumba moja, na kulipa dola 75,000 za gharama za uchunguzi. Michezo hiyo ilipotolewa tena kwa mashine mpya mwaka 2022, iliambatana na onyo kwamba kijiti kisizungushwe kwa kitanga cha mkono.

Glavu ile inastahili kutafakariwa. Chombo kilipoumiza mkono, jibu la kwanza halikuwa kukibadili chombo. Lilikuwa kuufunika mkono. Onyo la miaka ishirini na zaidi baadaye nalo linauambia mkono ujihadhari. Si kwamba waliofanya hivyo walikuwa waovu. Vidhibiti vilikwisha kuuzwa, vimo majumbani, na glavu ni rahisi kuliko kiwanda. Lakini hivi ndivyo vyombo vyetu vingi vinavyozungumza nasi: kiti kikiuma mgongo, tunaambiwa tukae vizuri, fomu isipoeleweka, tunaambiwa tusome vizuri. Mzigo wa kurekebisha huangukia upande usiokuwa na nguvu ya kuchonga.

Waliosahau na waliokumbushwa

Mwanafalsafa wa Kijerumani Martin Heidegger, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1927, aliandika kuhusu nyundo. Alionyesha kwamba fundi anayegongomea hafikirii nyundo. Nyundo imetoweka katika kazi, na hurudi machoni pale tu inapovunjika au isipofaa. Maelezo haya yanakifaa kidhibiti kuliko nyundo yenyewe. Mchezaji aliyezama hasemi “nimebonyeza kitufe”, husema “nimeruka”. Plastiki imetoweka, na amebaki yeye na ulimwengu ulio mbele yake. Wabunifu wote wa vidhibiti wanalitafuta hilo: kisahaulike.

Lakini swali la kimaadili huanzia pale Heidegger alipokomea. Ni nani anayejaliwa kusahau? Chombo hakitoweki mikononi mwa kila mtu. Mikononi mwa yule ambaye kilichongwa kwa kipimo chake, hutoweka. Mikononi mwa mwingine hubaki kila dakika, kikimkumbusha kwamba hakufikiriwa. Tena mwenye kusahau ndiye asiyeweza kuiona taabu ya mwenziwe, kwa kuwa kwake yeye hakuna kitu cha kuonekana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kile unachokilalia vizuri hudhani hakina kunguni popote.

Xbox ya kwanza ilitoa funzo hilo waziwazi. Ilipotoka Marekani mwezi Novemba 2001, kidhibiti chake kilikuwa kikubwa kiasi cha kubandikwa jina la utani, Duke. Waliohusika wamesimulia kwamba ubao wa saketi wa ndani ulikuwa mkubwa, na ganda halikuwa na budi kuuzunguka. Yaani mkono ulipimwa mwisho, baada ya waya. Walikuwapo waliokipenda, hasa wenye viganja vipana, na mapenzi yao hayakuwa ya uongo, kwani mwaka 2018 kampuni nyingine ilikitengeneza tena kwa ajili yao. Lakini soko la Japani halikukubali kuambiwa lizoee. Kwa ajili yake kilibuniwa kidhibiti kidogo zaidi, na Xbox ilipofika huko mwezi Februari 2002 ilikuja nacho. Haukupita mwaka, kile kidogo kikauzwa Marekani kwenyewe na kushika nafasi ya kile kikubwa.

Tuliangalie vizuri jambo hili. Huko Marekani walikuwapo watoto, wanawake na wanaume wengi wenye mikono midogo tangu siku ya kwanza. Mikono yao haikuwa siri. Lakini mkono mdogo wa mtu mmoja mmoja ulihesabiwa kuwa ni shida ya mwenyewe, ilhali mkono mdogo wa soko zima la nchi tajiri ulihesabiwa kuwa ni kipimo. Mjapani alipotengenezewa chake, ikabainika kuwa Wamarekani wengi walikuwa wakikisubiri bila ya kujua wamwombe nani. Haki iliwafikia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu wenye nguvu ya kununua waliitaka.

Hata alama huwa na wenyewe. Goto alipovipa vitufe vya PlayStation pembetatu, duara, msalaba na mraba, duara alilikusudia liwe “ndiyo” na msalaba uwe “siyo”, kama Wajapani wanavyosahihisha mitihani yao. Katika nchi za Magharibi msalaba ukawa ndio wa kukubali, na kwa zaidi ya robo karne kidhibiti kimoja kikasema lugha mbili. Mwaka 2020, kwa PlayStation 5, Sony iliamua msalaba uwe wa kukubali duniani kote. Mchezaji wa Kijapani akawa mgeni katika chombo kilichozaliwa kwao. Aliyekuwa kipimo jana, leo anaambiwa azoee. Hapana aliye salama moja kwa moja katika jambo hili, na pengine hiyo ndiyo sababu bora ya kulifikiria mapema.

Pedi ya pili

Turudi karibu na kwetu. Katika miji ya Afrika Mashariki vijana wengi hawana mashine hizi majumbani. Huzichezea katika vibanda, wakilipia mchezo mmoja mmoja au muda. Hapo pedi hushikwa na mikono mingi kwa siku moja, na ugonjwa wake mkubwa ni kijiti kulegea na kujiendea chenyewe, hata mchezaji wa mpira akamwona mtu wake anakimbilia pembeni bila ya kuamriwa. Vijiti vingi husomwa na vipande vinavyosuguana, na kinachosuguana hulika. Dawa yake imejulikana zamani: Dreamcast ya kampuni ya Sega, mwaka 1998, ilikisoma kijiti chake kwa sumaku, bila msuguano. Hata hivyo vidhibiti vya Nintendo Switch, iliyotoka mwaka 2017, vililalamikiwa kwa ugonjwa huohuo katika nchi nyingi, na mwaka 2020 rais wa kampuni hiyo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu. Anayeishi karibu na duka huenda akabadilishiwa. Mwenye kibanda hufungua mwenyewe, akasafisha na kuunga, kwa kuwa chombo kilichofikiriwa kwa mnunuzi wa kwanza hakikumfikiria mtumiaji wa elfu moja.

Na katika kila kibanda pana pedi nzima na pedi mbovu. Tazama ni nani hupewa ipi. Mkubwa au mwenyeji hutangulia kuichukua iliyo nzima. Mdogo au mgeni hupewa inayoteleza, kisha hufungwa mabao na kuambiwa hajui kucheza. Dau la mnyonge haliendi joshi. Famicom ya mwaka 1983 yenyewe ilitengenezwa hivyo tangu kiwandani: kidhibiti cha pili kilikuwa na maikrofoni ndogo, lakini kilinyimwa vitufe vya kuanzisha na kusimamisha mchezo. Wa pili alicheza kwa idhini ya wa kwanza. Usawa wa mchezo, ambao ndio uhalali wake wote, huanza mkononi kabla ya kuanza katika kanuni.

Mkono usio na vidole vitano

Mpaka hapa nimezungumzia mikono mikubwa na midogo, ya kulia na ya kushoto. Lakini wapo wasio na vidole vya kutosha, wapo ambao mikono yao hutetemeka, na wapo ambao mikono haiwatii kabisa. Kidhibiti cha leo kinataka magumba mawili na vidole viwili au vinne, vyote vikifanya kazi kwa pamoja. Kwa mtu huyo hakuna ukubwa wala udogo utakaomsaidia.

Mapema, mwaka 1989, Nintendo ilitengeneza kidhibiti kisichohitaji mikono: kilivaliwa kifuani, kijiti kikaongozwa kwa kidevu, na vitufe vikabonyezwa kwa kuvuta na kupuliza mrija. Kilikuwa chombo cha nadra, cha kuagizwa. Ilipita takriban miaka thelathini hadi Septemba 2018, Microsoft ilipoanza kuuza kidhibiti cha Xbox chenye vitufe viwili vikubwa vya kupigwa kwa kiganja, kiwiko au mguu, na nyuma yake matundu 19 ya kuchomekea swichi za kila namna, kila mtu kwa hali yake. Hata sanduku lake lilibuniwa lifunguke kwa kuvuta vitanzi, ili asiye na vidole imara asihitaji kuomba msaada wa kufungulia kitu alichonunuliwa yeye. Bei yake ilikuwa takriban dola 100, mbali na swichi zenyewe. Disemba 2023 Sony nayo ikatoa chake, cha duara, kinachoweza kuwekwa kwa upande wowote.

Chombo hiki kinaibadili namna ya kuuliza. Vidhibiti vyote vilivyotangulia viliuliza, “Mkono ukoje?”, kisha vikajibu kwa niaba ya wote. Hiki kinauliza, “Mkono wako ukoje?”, kisha kinanyamaza kungoja jibu. Tofauti ya silabi mbili, lakini kipimo kimerudi kwa mwenyewe, kama siku za dhiraa.

Utaniambia kwamba haiwezekani kila chombo kiwe hivyo. Kweli. Kiwanda hakiwezi kuwa fundi cherehani anayempima kila mteja kanzu yake, na bei ya chombo kinachomfaa kila mtu ingewazuia wengi wasikipate kabisa. Hiyo nayo ingekuwa dhuluma. Mbunifu hawezi kuepuka kuchagua mkono mmoja wa kuanzia. Simlaumu kwa kuchagua. Ninalomdai ni kwamba asijifanye hakuchagua. Akikiri kuwa amechagua, ataacha nafasi ya kusahihishwa. Mwaka 2015 Sony iliwaruhusu wenye PlayStation 4 kubadilisha kazi za vitufe wapendavyo, cha huku kikafanya kazi ya cha kule. Haikuongezwa plastiki wala waya. Ilitolewa ruhusa tu. Mtu mwenye mkono mmoja ulio dhaifu alipata unafuu mkubwa kwa ruhusa hiyo, na aliyeridhika hakupoteza kitu. Haki nyingi hazigharimu zaidi ya hapo. Hucheleweshwa kwa sababu aliyeridhika hajui kwamba zinahitajika.

Kwa hiyo vijana wanapobishana barazani kipi ni bora, PlayStation au Xbox, swali lao ni zuri ila limepungua neno moja. Kipi ni bora kwa nani? Neno hilo likiongezwa, mabishano hayaishi, lakini yanageuka kuwa mazungumzo: huyu ataeleza kiganja chake, yule ataeleza gumba lake, na wa tatu aliyekaa kimya pembeni huenda akasema kwamba yeye hajawahi kucheza kwa raha hata siku moja, wala hakudhani kuna anayeweza kumuuliza. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwenye kuchonga chombo, awe mbunifu wa Kyoto au seremala wa mtaani, akitaka kujua kama amechonga vizuri, asimuulize aliyekisahau chombo mkononi mwake. Amuulize ambaye bado anakihisi.